Askari Aliyelala Chini ya Farasi

Kamanda yule hakushuka farasi hata mara moja. Nilikaa naye chumba kimoja zaidi ya mwaka, asubuhi mpaka jioni, na katika vitambaa vyote vitano alikuwa juu ya farasi yuleyule mweupe, mkono wa kulia umenyooka, kidole kikiwaonyesha wengine mahali pa kwenda kufa. Mtoni alikuwa juu ya farasi. Mbele ya ngome inayoungua alikuwa juu ya farasi. Hata wazee wa mji mmoja walipopiga magoti kumkabidhi funguo za lango lao, alizipokea akiwa hukohuko juu, kama abiria anayenunua embe dirishani mwa treni. Nilimchukia kidogo, lakini siku nyingi hapakuwa na mwingine wa kuzungumza naye.

Vitambaa vyenyewe havikuwa vya kupakwa rangi. Vilifumwa uzi kwa uzi huko Ulaya, kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, na kila kimoja kilifunika ukuta mzima. Jina la kamanda nilitajiwa mara nyingi na madame, mwenye vitambaa, pamoja na vita vyake na wafalme aliowapiga. Sitaliandika hapa. Yeye ameandikwa vya kutosha, na mimi nataka kusema habari za mtu mwingine.

Madame alikuwa mjane. Mumewe, jaji, alikufa kwa homa kabla ya vita, akamwachia nyumba kubwa kwenye barabara ya mijakaranda hapa Elisabethville, na mpishi mmoja asiyependa maneno. Vitambaa vilikuwa vya ukoo wake mwenyewe. Vilikuja kwa meli, halafu kwa treni, ndani ya masanduku ya mbao, na kwa miaka kadhaa vilining'inia salama. Kisha unyevu wa mvua zetu ukaviingia, na nondo wakafuata. Zamani angevirudisha kwa mafundi wa kwao. Sasa Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, na hata barua haikupita. Ndipo akaenda kwa masista wa misheni, tuliowaita mamere, kuuliza kama walikuwa na mwanamke mwenye macho mazuri na mkono usiotetemeka. Mamere wa chumba cha kushona akanitaja mimi. Alimwambia nina kiburi, ila mshono wangu hauonekani. Yote mawili yalikuwa kweli.

Wakati huo mume wangu alikuwa ameondoka miezi saba. Alikuwa mpaka rangi wa mabehewa pale reli, mtu wa mzaha, mwenye madoa ya rangi nyekundu masikioni ambayo hayakutoka hata Jumapili. Wakamwandika uaskari. Treni ikawachukua kwenda kaskazini, na kwenye stesheni ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza jina la nchi waliyokuwa wakipelekwa, Abisinia. Barua moja ilikuja, kwa mwandiko wa mtu mwingine: ni mzima, huko milimani ni baridi, msalimie mama. Baada ya hapo kimya.

Hatukuwa na mtoto. Mama yake alikuja kutoka kijijini kwao, kando ya Lualaba, ili anitunze. Nasema kunitunza, ila kwa kweli alikuja kunilinda. Kwao, mke wa mtu aliyekwenda vitani au mawindoni ameshika mwili wa mume wake mikononi, na anachofanya nyumbani kinamfikia huko aliko. Kwa hiyo sikutakiwa kugombana na jirani. Sikutakiwa kulala upande wake wa kitanda. Kigoda chake kilisimama mahali pake, na ole wangu nikigeuze miguu juu ili nifagie. Zaidi ya yote, sikutakiwa kumgawia mtu moto.

"Moto yako usipatie muntu," alisema. "Ukipatia muntu moto, mutoto yangu atasikia baridi kule."

Mamere waliita mambo hayo ujinga wa kipagani. Mbele yao nilitikisa kichwa kukubali, na nyumbani nilifuata kila neno. Majirani wa mtaa wetu wa Kamalondo wakaniona mchoyo. Mwanamke wa nyumba ya tatu aliyeomba kaa moja la moto, nikamnyima, hakunisalimia tena mpaka vita ilipokaribia kwisha. Mamamkwe mwenyewe alikuwa mtu wa kukaa kimya mlangoni na kutazama barabara. Tulikula sahani moja bila kusema. Nilikuwa mpweke, na sioni sababu ya kutafuta neno zuri zaidi.

Kwa hiyo kila asubuhi nilivuka kwenda mji wa wazungu, nikaingia kwa mlango wa jikoni, nikavua viatu, nikapanda kwenye chumba cha kamanda. Madame alifunga mapazia ili jua lisile rangi, akaniachia nafasi ya mkono mmoja ya mwanga pale nilipokaa. Kitambaa kilichokuwa kikitengenezwa kilishushwa na kutandazwa juu ya meza mbili. Vingine vinne vilinitazama kutoka ukutani. Mchana nilishuka kula kwenye ngazi ya jikoni. Mpishi alinisukumia bakuli kwa mguu, si kwa dharau, ila mikono yake ilikuwa daima na kazi. Halafu nikarudi juu. Kabla giza halijaingia ilibidi niwe nimekwisha vuka kurudi kwetu, kwa kuwa mtu mweusi asiye na karatasi hakutakiwa kuonekana mjini.

Sufu ya kuunga nyuzi haikupatikana madukani, nayo sababu ilikuwa vita. Madame akafungua kabati la marehemu. Nilifumua sweta za jaji, soksi zake, hata mkanda wa koti la kulalia. Farasi mweupe alikula fulana mbili. Shali ya madame, yenye rangi ya ngozi yao hasa, ndiyo tuliyoitegemea kwa nyuso, na shavu la kamanda peke yake lililiwa na nondo vibaya hata likameza shali karibu yote. Nilimwambia usoni nilipokuwa namtengeneza, "Wewe, hata shavu lako linakula kuliko wengine." Hakunijibu. Aliendelea kunyoosha kidole.

Mara nyingi alasiri madame aliingia, akakaa kwenye kiti cha mkono karibu na mlango. Mwanawe wa pekee alibaki Ubelgiji, naye hakuwa na habari zake. Mpishi ndiye aliyeniambia, si yeye. Alikaa mikono mapajani, akamtazama kamanda wa babu zake, mimi nikashona. Tulikuwa wanawake wawili wa kungoja barua ndani ya chumba kimoja, na hatukungoja pamoja hata siku moja. Akichoka alisimama, akasema "Bien", yaani vyema, akatoka.

Kitambaa cha tano ndicho kilichoharibika zaidi. Katikati kamanda anapita juu ya farasi. Nyuma yake moshi unapanda. Chini kabisa, kona ya kushoto, karibu na kwato za farasi, palikuwa na shimo ambalo kichwa changu kingepita. Pembeni mwa shimo vilibaki buti mbili, mkono mmoja uliolegea juu ya nyasi, na ngoma ya kijeshi iliyolala ubavu. Nyuma ya shimo hilo askari wengine watatu walikuwa wamejilaza, migongo imetugeukia. Katika nyasi, ukingoni mwa shimo, palikuwa na vinyuzi vyekundu vilivyokatika.

Mimi nilijua nilichokuwa nakiona. Kambi ya askari wa mji wetu ilikuwa njiani nikienda kwa mamere, na kila Jumamosi, baada ya gwaride, niliwaona wamejitupa kwenye nyasi hivyohivyo, buti miguuni, ngoma imeachwa ubavu, wanawake wanapika nyuma na moshi unapanda. Watu wamechoka, wanalala. Vile vyekundu ni maua ya nyasini. Hata sikumwuliza madame. Kiburi changu hicho.

Palihitajika uso, na sufu ya shali ilikuwa imekwisha. Iliyobaki ilikuwa ya kahawia, ya sweta ambayo jaji alivaa akienda kuwinda. Nikaishika juu ya kiganja changu. Rangi ileile. Moyo ukanipiga kama mtu anayekaribia kuiba.

Nikamweka pale. Siku kumi na moja nilimshona mume wangu. Nilimlaza shavu juu ya mkono, kama alivyopenda. Nilimfunga macho. Mdomo niliuacha wazi kidogo, maana hajawahi kulala akiufunga. Sikio lilinichukua siku nzima, na kwenye ncha yake nikatia uzi mmoja mwekundu, rangi ya mabehewa. Vile vinyuzi vyekundu nikaviendeleza mpaka kifuani kwake kuwa maua, makubwa, mazuri, mengi, ili apate mahali pazuri pa kupumzikia. Siku hizo kumi na moja sikuwa mpweke. Nilimsimulia habari za nyumbani, na hakuna aliyenikatiza.

Madame alikuja akainama kutazama. "Ngozi iko nyeusi mingi," alisema kwa Kiswahili chake cha jikoni. Nikamwambia sufu ndiyo hiyo tu. Akafikiri, akasema si kitu, watu watadhani ni kivuli cha farasi.

Jioni ile nilimwambia mamamkwe. Nilitarajia anikaripie. Aliacha kutazama barabara.

"Unamuweka mu kitambaa ya bazungu?"

"Ndiyo, mama. Analala."

"Analala muzuri?"

"Muzuri, mama. Kinywa wazi, vile analalaka."

Akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka kabla ya hapo. "Ata kule atakoroma," alisema. Tangu siku hiyo, kila niliporudi kutoka kazini, kabla sijaweka mzigo chini, aliniuliza, "Analala muzuri?" Nami nikamjibu, "Muzuri." Tukaanza kuzungumza wakati wa kula.

Kazi ilipokwisha madame alifurahi. Kitambaa cha tano kikatundikwa. Akaleta kitabu kikubwa cha baba yake, chenye picha za vitambaa vyote kama vilivyokuwa kabla havijaharibika, tulinganishe. Ukurasa kwa ukurasa alisifu. Alipofika kwenye cha tano akaanza kucheka, kwa wema kabisa, mkono mdomoni.

Kwenye picha askari wa kona alikuwa na tundu la jeraha kifuani.

"Si maua," madame alisema, akigusa ukurasa. "Ni damu. Hapa si kambi. Vita imekwisha, ule muji inaungua, na aba bote banakufa. Kamanda anapita kuangalia bantu ya kufa." Aliponiona nimeinamisha kichwa akadhani naona aibu ya kazi, akanipigapiga bega. Maua ni mazuri, alisema, tuyaache. Halafu akaniaga. Kazi imekwisha, akinihitaji ataniita.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka mamamkwe mlangoni.

"Analala muzuri?"

Sikuweza. Nilikaa chini kwenye vumbi nikamweleza yote, tundu na damu na kidole cha kamanda, na kwamba ni mimi, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa siku kumi na moja, niliyemlaza mwanawe katikati ya maiti na kumfumba macho. Kigoda sikukigeuza. Moto sikuugawa. Halafu nikaenda kufanya hilo, tena kwa furaha. Nilidhani atanipiga, na ningeona ni haki. Alibaki akinitazama mpaka nikanyamaza.

"Weye njo ulimulalisha na bantu ba kufa," alisema. "Weye njo utamwamusha." Mimi, si mwingine.

Asubuhi yake nilikwenda nyumba ya jaji bila kuitwa. Nilimwambia mpishi nimesahau mkasi. Akanitazama, akatazama mkasi uliokuwa unaning'inia kifuani kwangu, akarudi kumenya viazi. Mpaka leo namwombea.

Chumba kilikuwa na giza, mapazia yamefungwa. Namshukuru Mungu kwamba askari mdogo huwekwa chini kabisa, huhitaji ngazi kumfikia. Nilipiga magoti sakafuni, nikaanza kukata nyuzi za kope. Kazi ya mshono usioonekana ni ngumu kufungua, hata kwa aliyeushona. Nilikuwa nimefungua jicho la kwanza na kulitia weupe wake niliposikia sauti mlangoni.

"Weye nafanya nini hapa?"

Sindano iliniingia kidoleni. Madame alikuwa amesimama na gauni la asubuhi. Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na uongo mzuri tayari, wa uzi uliolegea. Lakini nilikuwa nimechoka kusema peke yangu.

"Madame, ule njo bwana yangu."

"Nani?"

"Ule askari. Eko ku vita. Nilizania banalala tu, njo nikamuweka. Sasa nafungua macho, madame. Nafungua macho tu. Sitaharibu."

Alinikodolea macho. Nilimwona akitazama uso wa kahawia, sikio, uzi mwekundu, akielewa kwamba nimemwingiza mtu wangu katika ukoo wake. Nikajiandaa kwa makelele. Alipita karibu yangu, gauni likanigusa bega, akaenda dirishani na kuvuta pazia. Mwanga wote wa asubuhi ukaingia juu ya vitambaa, ule ambao kwa mwaka mzima aliuogopa kuliko nondo.

"Fanya mbio," alisema. Akasimama ananipa mgongo mpaka nikamaliza.

Niliondoka nikimwacha askari wa kona amelala vilevile, shavu mkononi, lakini macho wazi, yanatazama chumba. Mamamkwe aliniuliza jioni, nikamwambia, "Ameamuka, mama." Akaingia ndani akasali kwa Kiluba mpaka chakula kikapoa.

Mume wangu alirudi. Ilichukua muda mrefu, vita ilikuwa ukingoni, lakini alirudi, mwembamba, nywele zimeingia mvi upande mmoja, akishuka kwenye behewa la daraja la tatu kama mtu asiye na hakika kwamba amefika. Mamamkwe alipiga vigelegele stesheni nzima ikageuka. Akanishika mkono, akawaambia wanawake asiowajua, "Uyu njo alimuleta." Siku ile niliamini kwamba hakuna mtu duniani aliyebarikiwa kuliko mimi. Niligawa moto kwa mtaa mzima. Nilimpelekea hata yule wa nyumba ya tatu, akaupokea akilia.

Wiki ya pili nikaanza kuona.

Hakulala. Alijilaza, ndiyo. Baada ya chakula cha mchana, siku za Jumapili, alijilaza kwenye mkeka uani, shavu juu ya mkono, na macho yakabaki wazi. Ukimwita alijibu mara moja. Alfajiri nilipoamka nilimkuta ananitazama, au anatazama dari, si kwa hasira wala kwa huzuni, wazi tu. Akisinzia kwenye kiti, kope zikigusana, alishtuka na kushika chochote kilicho karibu. Mzaha wake ulikwisha. Reli walimrudisha kwenye rangi, akawa anaruka herufi kwenye mabehewa. Daktari alisema ni vita, itapita, nimpe muda. Mamere walisema tusali novena, sala ya siku tisa. Tulisali.

Mamamkwe aliona kama nilivyoona. Baada ya wiki kadhaa, siku ya kurudi kijijini, tukifunga mzigo wake, aliniambia polepole, bila ukali: "Mwanangu, ulimwamusha sana." Akapanda treni. Sikumwona tena.

Alasiri moja nilikaa kando ya mkeka nikamwuliza mume wangu waziwazi. Juu ya nini haufungi macho? Alijiinua, akaketi. Kisha akaniambia kuhusu hema la wagonjwa kule milimani. Si risasi, ni tumbo la kuhara damu, nalo liliangusha wengi kuliko risasi. Waliwalaza chini, mistari kwa mistari, wazima kidogo na waliokwisha kufa pamoja, hapakuwa na nafasi.

"Asubuhi banapita na machela," alisema. "Ule eko na macho ya kufunga, banabeba, banaenda kuzika. Bengine balikuwa bakingali bazima. Balikuwa banalala tu. Nilisikia mumoja analia mu machela, na banamubeba vilevile. Njo nikasema, mie sitafunga macho. Siku tano sikufunga. Sasa haiwezi tena."

Sikumwuliza ilikuwa mwezi gani. Ningeweza kuhesabu, na jibu lingekuwa ama mimi nilimwokoa, ama mimi nilimfanya awe alivyo, ama hakuna lolote, ni sufu ya sweta tu na mwanamke mjinga. Niliogopa yote matatu. Wala sikumwambia kuhusu kitambaa. Nilijiambia namhurumia. Uongo. Niliogopa atanitazama kwa macho hayo akijua.

Hivyo nikaishi na mtu aliyerudi, na nikawa mpweke kuliko nilipokuwa namngoja. Wakati wa kungoja nilikuwa na mtu wa kumwaza. Sasa alikuwa pale, macho wazi, na mimi nilijifanya nimelala ili asione kwamba namwangalia.

Barua ya madame ilifika baada ya Ubelgiji kukombolewa. Haikutoka kwa mwanawe. Iliandikwa na mtu mwingine, kumhusu. Mpishi alinisimulia kwamba aliisoma amesimama, akaikunja, akaagiza masanduku. Akatuma niitwe, nije kushonea vitambaa magunia ya safari.

Nilikwenda na sindano mbili, moja ya magunia na moja nyembamba, na uzi wa kahawia nimeuzungusha kidoleni. Nilikuwa nimekwisha kata shauri. Nitamfunga macho. Nitamrudisha kama alivyokuwa mwanzo, kinywa wazi, akikoroma, apumzike, wote tupumzike. Kitambaa cha tano kilikuwa kimetandazwa sakafuni, kona ya kushoto imenielekea. Madame alikuwa chumba cha pili anakunja nguo. Nilikuwa na nafasi yote niliyoihitaji.

Askari wangu alinitazama. Uso wa kahawia, madoadoa ya maua kifuani, macho mawili niliyoyafanya kwa haraka, moja limeingia ndani kidogo kuliko jingine. Niliweka ncha ya sindano kwenye kope. Nikafikiri, nikimfunga macho, nani atapita na machela?

Sijui nilikaa hivyo muda gani. Madame aliingia, akaniona nimepiga magoti palepale. Akadhani nasali, au nashukuru.

"Bwana yako alirudi?" aliuliza.

"Alirudi, madame."

Alikuwa amekonda shingo. Alitazama uso wa mume wangu chini pale, kisha farasi, kisha kamanda na kidole chake. "Njo muzuri," alisema, akarudi kwenye nguo zake. Ningemwambia nini? Kwamba wangu amerudi na bado nalalamika? Nilichomeka sindano nyembamba kwenye kanga yangu. Nikakunja kitambaa, nikatia kafuri kati ya mikunjo, nikashona gunia kwa sindano nene. Masanduku yaliondoka kwa treni ya kusini, na jioni moja nilijikuta nahesabu mahali yatakapokuwa: sasa Sakania, sasa yamevuka mpaka, sasa siyafikii tena.

Mume wangu aliishi miaka tisa baada ya hapo. Tulihamia mtaa wa Katuba ulipoanza kujengwa, nyumba ya vyumba viwili, na mlango wake aliupaka rangi nyekundu ya mabehewa. Hakuwa mtu mbaya kuishi naye. Alijifunza kucheka tena kidogo, mchana. Lakini hakulala kama watu wanavyolala, na sikumwambia.

Alikufa asubuhi, kwa kifua, shavu juu ya mkono. Macho wazi, bila shaka. Nilimfunga kwa vidole, nikaondoa mkono, yakafunguka. Nikamfunga tena, yakafunguka tena, yakaniangalia. Watu wa kanisani walikuwa njiani kuja kumwosha. Nilifunga mlango. Nikaweka vidole viwili juu ya kope zake, nikaviacha hapo, nikaanza kumwambia. Nilianzia kwenye mto, na ngome, na funguo za mji, na mtu asiyeshuka farasi. Nikamwambia kuhusu sweta ya jaji, na siku ya sikio, na uzi mwekundu, na kitabu, na mama yake, na pazia. Nikamwambia ni mimi niliyemlaza, na ni mimi niliyemfungua macho, na kwamba nilipopata nafasi ya kumfunga niliogopa. Nikamwambia sasa hakuna machela, ni mimi tu hapa, na sitawaruhusu wambebe kabla sijamaliza.

Wakabisha hodi mara kadhaa. Nilipomaliza yote nikainua vidole, na macho yakabaki yamefungwa. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Nikaenda kuwafungulia mlango.